Televisheni hainunui idadi ya madarasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu wa Muheza aliyeandika kwamba vyuo vikuu vya dini hapa nchini viache ndoto ya kuonyeshwa mpira wao kwenye televisheni. Anasema wanafunzi wao ni wachache, na jina la dini litawakimbiza watu wa dini nyingine. Tena anasema hata huko Marekani, ambako mpira wa vyuo ni biashara ya mabilioni, wanaonunuliwa ni vyuo vikubwa vya serikali peke yake. Hayo ya mwanzo ningemwachia. Hili la Marekani si kweli, na likianguka linaanguka na wenzake.

Mie ni mama mwenye kibanda umiza Ngamiani, Barabara ya 12, hapa Tanga. Biashara ya televisheni sijaisomea, ila naiuza kila wikiendi: mia tano mechi ya kawaida, buku mechi ya watani, kahawa na kashata mbali. Mpwa wangu alisoma Baylor, chuo cha Wabaptisti kilichopo Waco, Texas, na huyo ndiye aliyeniingiza kwenye hii futiboli ya Kimarekani, ya kofia ngumu na mpira wa umbo la yai. Ni Mwislamu kama mie, lakini iseme vibaya Baylor mbele yake uone. Jumamosi mechi ya mwisho ya Uingereza ikiisha huwa siizimi televisheni. King'amuzi kikiwa na mechi yao naiacha iende. Ile inayoanza kwao saa tisa na nusu alasiri, saa za New York, inatukuta sisi saa nne na nusu usiku, vijana wa bodaboda bado hawajataka kwenda kulala. Swali lao ni lilelile kila msimu: "Mama, hiki ni chuo kweli? Mbona uwanja umejaa hivi?"

Ni chuo kweli. Na baadhi ya vinavyojaza hivyo ni vya makanisa.

Nianze na Notre Dame, chuo cha Wakatoliki kilichopo South Bend, Indiana. Mji wenyewe una watu kama laki moja, na wanafunzi wa shahada ya kwanza hawazidi sana elfu tisa. Kwa hesabu ya msomaji wa Muheza, hapo hapana kitu cha kuuza. Lakini tangu 1991 mechi zao za nyumbani zinaonyeshwa na kituo cha NBC (si benki yetu inayodhamini ligi, hiki ni kituo cha televisheni), na mkataba umeshaongezwa hadi 2029. Karibu wengine wote wanauza haki za matangazo kwa pamoja, ligi nzima kwa mkupuo. Notre Dame kwenye futiboli haina hata ligi. Inauza peke yake.

Nani anaitazama? Si wale elfu tisa, hao wako uwanjani. Wanaoitazama ni Wakatoliki wa New York, Chicago na Boston, wajukuu wa wahamiaji wa Ireland, Italia na Poland, watu ambao hawajawahi kukalia dawati la chuo hicho hata siku moja. Kocha wao Knute Rockne, aliyefariki kwa ajali ya ndege 1931, aliwazungusha vijana wake nchi nzima. Karibu kila mwaka walikwenda New York kupambana na timu ya chuo cha jeshi, na kuanzia 1925 mechi hiyo ikawa inapigwa Yankee Stadium, katikati ya hao Wakatoliki wao. Redio nayo ikaingia majumbani. Kwa hiyo televisheni ilipokuja na pesa zake, ilikuta watazamaji wameshatengenezwa zamani. Haikuwapa Notre Dame mashabiki, ilikwenda kuwanunua kwa Notre Dame.

Hapa Tanga jambo hili halihitaji mwalimu. Simba na Yanga ni timu za Kariakoo. Wangapi kati ya wanaogombania benchi la mbele kwangu wamewahi kuishi Kariakoo? Kuna mzee anatoka Mwarongo na baiskeli kuja kuitazama Yanga, na Jangwani penyewe hapajui.

Sasa niseme kitu ambacho nadhani wenye vyuo hawakijui, maana wao hutazama mpira wakiwa jukwaani. Coastal Union ikicheza Mkwakwani, kwangu hakuna mtu. Mwenye pesa kaenda uwanjani, asiye na pesa yuko ukutani anasikiliza kelele. Ila Wagosi wa Kaya wakisafiri kwenda Mbeya, Bukoba au Mwanza, siku hiyo nakodi viti vya jirani. Mechi inapigwa mbali na watu wako hapa, hapo ndipo king'amuzi kinapopata thamani. Na kinyume chake: nina jamaa zangu Temeke na Mbagala, watu wa Tanga walioondoka na hawakurudi, ambao Coastal ikicheza nyumbani wao ndio wanaolipia kifurushi. Televisheni inamlenga huyo aliye mbali na bado moyo uko kwenu. Chuo cha serikali kina wanafunzi, na wakihitimu wengi wanakisahau. Chuo cha dini kina waumini, na muumini hahitimu.

Ndiyo maana nashangaa kuhesabiwa wanafunzi. Tazama chuo cha Brigham Young, BYU, cha kanisa la Wamormoni, mji wa Provo, Utah. Hiki si kidogo kwa wanafunzi, kina zaidi ya elfu thelathini, lakini Provo si New York, na Utah si jimbo la watu wengi. Mwaka 1984 walishinda mechi zote 13 wakatangazwa mabingwa wa taifa, na wakubwa wakanuna wakidai wamecheza na vibonde. Baadaye wakajikuta katika ligi iliyoanzisha kituo chake yenyewe cha televisheni. Ukisikia hivyo unaona ni maendeleo. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi Marekani hazikukipata kituo hicho. Waumini wa Florida na Virginia walikuwa na timu, wana pesa, wana televisheni, na mechi hawaioni. Mwaka 2010 BYU wakatangaza kwamba wanatoka, na kuanzia 2011 wakacheza bila ligi, na mkataba wao na ESPN, kituo kikubwa cha michezo, mkononi. Walikuwa pia na kituo chao wenyewe, BYUtv, chenye mitambo na mafundi wake, kwa hiyo walipokaa mezani na ESPN hawakuwa watu wa kuomba kamera. Wakaishi hivyo miaka 12, na 2023 wakaingia Big 12, mojawapo ya ligi kubwa.

Na BYU hawachezi Jumapili. Wameliweka hilo wazi kwa kila anayetaka kufanya nao biashara. Kwenye futiboli haliwaumizi sana kwa kuwa vyuo hucheza zaidi Jumamosi. Ugumu wake uko kwenye michezo mingine. Lakini angalieni mpangilio: sharti la ibada lilitangulia, bei ikafuata. Vyuo vyetu vikiingia kwenye mazungumzo vifanye hivyo hivyo. Chuo cha Waadventista Wasabato kiseme mapema kwamba Jumamosi haiwezekani. Chuo cha Waislamu kiseme kwamba mechi haiwezi kukata Ijumaa wala kuanza Magharibi inaadhiniwa. Mkisubiri mpaka ratiba imetoka, mtakuwa mnalalamika tu, na televisheni haina huruma na anayelalamika. Huko Marekani muda wa kuanza mechi mara nyingi hujulikana siku 12 kabla, wakati mwingine siku sita, kwa kuwa vituo vinasubiri kuona timu ipi imepamba moto. Mwenye harusi Jumamosi hiyo hajui aiweke saa ngapi.

Mambo haya hayakuwa hivyo siku zote. Zamani chama cha michezo ya vyuo, NCAA, ndicho kilichoamua timu ipi ionekane na mara ngapi. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kesi iliyofunguliwa na chuo cha Oklahoma pamoja na cha Georgia, ikasema utaratibu huo unavunja sheria ya ushindani. Tangu hapo kila chuo au ligi na mteja wake. Waliofaidika ni wengi na walioumia ni wengi, na katika walioumia vyuo vya dini vipo pia. Mpwa wangu kisa hiki hukisimulia kama kesi ya mirathi. Ligi ya zamani ya Texas ilipovunjika 1996, vyuo vinne tu vya jimbo hilo vilichukuliwa kwenda Big 12. Vitatu vilikuwa vya serikali. Cha nne kikawa Baylor yake. TCU, chuo chenye asili ya kanisa la Disciples of Christ, kilichopo Fort Worth, kikaachwa. SMU ya Dallas, yenye asili ya Wamethodisti, nayo ikaachwa. Wengi husema Baylor ilibebwa na siasa. Uamuzi ulipokuwa unafanywa gavana wa Texas alikuwa Ann Richards, na yeye alisoma Baylor. Mpwa wangu akifika hapo hubadilisha mada.

SMU ilikuwa imejimaliza yenyewe zamani. Msimu wao mzima wa 1987 ulifutwa na NCAA kwa sababu ya kuwalipa wachezaji kwa siri, tena baada ya kuonywa. Chuo cha kanisa! Nalitaja kwa sababu wapo wanaodhani jina la dini ni kinga. Si kinga. Ikishuka aibu, linaiongeza.

Lakini mwendo waliorudia ndio ninaotaka wenye vyuo wetu wausome. Walipokaribishwa kwenye ligi kubwa ya ACC, wakaingia 2024, walikubali kutochukua mgawo wa pesa za televisheni za ligi hiyo kwa miaka tisa. Miaka tisa bila mgawo! Matajiri waliosoma pale wakachanga dola milioni 100 ndani ya siku chache kuziba pengo. Wao hawakuuza mechi, walinunua nafasi ya kuonekana. Msimu huohuo wa kwanza wakafika fainali ya ligi, wakafungwa na Clemson, na bado wakaingia kwenye mtoano wa timu 12 za kuwania ubingwa wa taifa, ambako Penn State iliwachapa pointi 38 kwa 10. Sisemi vyuo vyetu vicheze bure miaka tisa. Hatuna matajiri wa mafuta Ngamiani. Nasema kuna mtu alipiga hesabu akaona kuonekana kwanza, pesa baadaye.

TCU nao wakazunguka kutoka ligi hadi ligi, wakashinda Rose Bowl, mechi kubwa ya mwaliko ya mwisho wa msimu, Januari 2011 mbele ya Wisconsin, 21 kwa 19, Big 12 ikawachukua 2012. Januari 2023 wakafika fainali ya taifa. Georgia ikawafunga 65 kwa 7, mbele ya nchi nzima. Anayetaka televisheni akubali na hilo: kamera haizimwi unapochapwa.

Coastal tunalijua vizuri. Fainali ya Kombe la Shirikisho 2022, pale Arusha, tulitoka sare ya 3 na Yanga, mabao yote matatu akiyafunga Abdul Suleiman Sopu. Tulikosa kombe kwa penalti. Siku ile kibanda changu kilikuwa kimejaa hadi barabarani, waliokuwa nje wakisimuliwa na walio ndani. Msimu uliofuata Sopu alikuwa Azam. Televisheni ilituonyesha kijana wetu, ikawaonyesha na wenye pesa.

Sasa lile la dini kuwakimbiza watu. Msomaji wenu atakuwa hajawahi kukaa mlangoni na kisanduku cha viingilio. Notre Dame inachukiwa Marekani kuliko timu nyingi, na wanaoichukia wanaitazama kila wiki wakiomba ifungwe. Kwangu wapo wanaume wa Simba wasiokosa mechi hata moja ya Yanga, na hawaji kujifunza mbinu. Anayekuja kuiona ikifungwa analipa mia tano ileile. Nikiwekewa mechi ya Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro dhidi ya Mtakatifu Augustino cha Mwanza, hakuna atakayebaki nyumbani kwa sababu ya jina. Kwa sababu ya jina watakuja, maana kila mmoja atakuwa na upande kabla hata hajamjua mchezaji. Wapo wazazi humu mitaani wana watoto Morogoro, na ninao wateja wa Chumbageni wenye watoto Mwanza. Utani utakuwepo, tutaupima. Mji huu una misikiti na makanisa ya tangu enzi za Wajerumani na watu wanaozikana bila kuulizana.

Ugumu uko kwingine, na hapo nakubaliana na wenye mashaka. Kuna chuo kimoja, sitakitaja, walinitumia kijana akiniomba nirushe fainali yao kupitia mtandao. Nikakubali, nikaandika ubaoni. Kamera ilikuwa moja, imewekwa chini usawa wa nyasi, kila mpira ukienda upande wa pili tunaona mgongo wa mwamuzi wa pembeni. Mtangazaji hakujua majina. Alikuwa anasema "yule mrefu" na "yule wa viatu vyekundu". Mechi iliyoandikwa saa nane ilianza karibu saa kumi kwa sababu mgeni rasmi alichelewa. Wateja walidai pesa zao, nikawarudishia. Hapo hata wangekuwa wanafunzi laki mbili, mechi ile isingeuzika.

Kwa hiyo wanaotaka kuuza waanze na vitu vidogo. Majina mgongoni. Kamera mbili, moja juu ya kitu, hata juu ya lori. Saa ikitajwa iwe hiyo, mgeni rasmi atakuta mpira unachezwa. Na siku. Jumamosi na Jumapili msije kabisa, mtakanyagwa na Uingereza na ligi yetu ambayo Azam waliinunua 2021 kwa miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Liberty, chuo cha Wakristo wa kiinjili kilichopo Lynchburg, Virginia, kimo kwenye ligi ndogo ambayo Oktoba hupeleka mechi zake Jumanne na Jumatano usiku, siku ambazo wakubwa wamepumzika, ili anayefungua televisheni asikute kingine. Mashabiki wengine wananung'unika kwamba kesho yake kuna kazi, lakini wanaonekana. Mwaka 2023 Liberty walimaliza ligi bila kupoteza mechi, wakaitwa Fiesta Bowl, mechi nyingine ya mwaliko kama ile Rose Bowl. Kufika huko Oregon iliwafunga 45 kwa 6, ila hayo nimeshayasema.

Kwetu hapa Jumanne na Jumatano ni za Ulaya, Alhamisi pia kuna Ulaya ya pili. Jumatatu mara nyingi ni tupu. Jumatatu mie hufungua kwa ajili ya kahawa tu. Mechi ya vyuo Jumatatu saa kumi jioni, ikaisha kabla ya Magharibi, ningeiweka ubaoni bila kuombwa, na ningeanza kwa mia mbili mpaka watu wazoee.

Mwisho kabisa nawaomba wanaokaa na hivyo vituo: msiiweke kwenye chaneli ya kifurushi kikubwa. Waumini wa Marekani waliikosa timu yao kwa sababu kituo hakikufika majumbani, na huku kwetu kifurushi kikubwa ni kodi ya chumba cha mwezi. Mkiiweka kwenye cha chini, mie Jumatatu ninayo. Mkiiweka juu, atakayeiona ni makamu mkuu wa chuo na mkewe.

Mwenye kibanda,
Barabara ya 12, Ngamiani,
Tanga